Tatu Iliyosomeka Mbili

"Kontena limefunguliwa, Sindano. Ni makopo ya rangi. Hakuna mtu."

Sauti ya Mkuu kwenye redio ya Motorola ilikuwa kavu.

Sindano alikuwa anaruka ngazi za ofisi ya yadi ya makontena, bastola ya Glock ikimgonga kiunoni. Mume wa dada yake, jasusi mwenzake, alijificha ndani ya kontena lenye shehena ya bunduki ili ajue zinapelekwa kwa nani. Wenye mzigo wakafunga mlango bila kumwona. Matundu ya hewa yakazibwa na masanduku.

Simu ikatetema.

"Shemeji." Pumzi zilikuwa zinakwaruza. "Nimemulika tena kibandiko cha namba kilicho ndani ya mlango. Namba inaishia na tatu."

"Walilofungua linaishia na mbili."

"Basi silo. Mwambie dada yako chai ya asubuhi haikuwa na sukari. Niliona haya kumwambia."

"Utamwambia mwenyewe."

Simu ilikuwa imeshakatika.

Sindano alipompa namba hiyo redioni, Mkuu akadai mtu aliyekosa hewa huona chochote. Mfumo wa yadi haukuonyesha namba inayoishia na tatu; ulionyesha ya mbili tu, nayo imeshakaguliwa na kuruhusiwa. Akamwamuru arudi garini.

Sindano alizima redio. Shemeji yake alikuwa mtu wa kusoma mara mbili hata pakiti ya kiberiti.

Fundi wa mfumo alikuwa amejikunyata kwenye chumba baridi cha seva, koti limemfika masikioni. Sindano akamuuliza taratibu, kama anayeuliza njia, namba zile hukaa wapi kabla ya kufika kwenye kioo. Fundi akaeleza kwamba hukaa kwenye hifadhidata, ndani ya safu yake, na programu ndiyo huzisoma na kuzileta. Juzijuzi namba zilirefuka, safu ikazikataa. Akaipanua.

"Na programu uliipanua?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Safu tu. Programu inasoma kwa kipimo cha zamani. Namba ikiizidi, haipigi kelele. Inaonyesha iliyo jirani, tatu ikasomeka mbili."

Kumbe ndiyo njia ya wenye mzigo. Kontena la rangi likaguliwe, la bunduki lipite kwa kibali hichohicho.

"Programu iache. Iulize hifadhidata yenyewe, ikupe namba kama maandishi."

Fundi akagonga vitufe. Ikatoka mistari miwili.

Mbili.

Tatu.

Na mstari wa pili ulionyesha kwamba kontena linaloishia na tatu lilikuwa limeshatoka getini, juu ya lori jeupe.

Pikipiki ya mlinzi ilikuwa getini. Sindano hakuiomba.

Alilifikia lori kwenye barabara ya viwandani. Akalenga. Tairi zikapasuka, lori likaegemea ukingo. Dereva alishuka mikono juu, akilia kwamba yeye hana habari, yeye ni wa usukani tu. Sindano akamfunga pingu kwenye mlango wa lori, akakata kufuli ya kontena.

Masanduku ya bunduki yalifika juu kabisa. Shemeji alikuwa ameketi karibu na mlango, tochi mkononi bado inawaka, imeelekea kwenye kibandiko.

Sindano akamgusa shingoni. Akasubiri. Akasubiri tena. Mshipa haukupiga.

Kisha akawasha redio.

"Bunduki zimepatikana, Mkuu."

"Na yeye?"

"Namba inaishia na tatu."

Akaizima tochi ya shemeji, akaitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kuelekea kwa dada yake. Alikuwa na ujumbe wa sukari wa kuufikisha.