Cheupe Hakiokotwi

Swahibu yangu Fawaz, wa Lamu, hucheza mchezo wa simu ambamo adui akifa huacha kitu kinachowaka: kikiwaka dhahabu ni adimu, kikiwaka cheupe ni takataka, hakuna anayeinama kukiokota. Alipozikwa jirani yao Bwanamkuu, mbeba mawe kwa punda, Fawaz alicheka: “Huyo cheupe tu.”

Kesho yake magharibi mamake akamtuma kupeleka wali matangani. Umeme ulikuwa umekatika. Kichochoroni kwato za punda zilimfuata. Akisimama, nazo zasimama.

Mjane wa Bwanamkuu, Bi Nana, alifungua, akamtazama miguuni. “Mwanangu, taa gani hiyo uliyoikanyaga?”

Fawaz akainama. Chini ya nyayo zake paliwaka weupe ule ule wa mchezoni.

“Bi Nana, pokea sahani.”

Mjane akapaza macho gizani, kama asiyeona mtu; hakuinama, akafunga mlango.