Aliyepigiwa Simu Mwisho

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa mbili asubuhi, watu tisa ndani, na kila mmoja ana lake. Huyu anasema kamba imekatika, yule kashasoma kwenye simu kwamba jengo zima linawaka moto. Mhariri wa redio, ndani ya gauni la bluu lililopigwa pasi likanyooka, akamgeukia huyo wa moto.

"Nani kasema?"

"Dada, imesambaa kila mahali."

"Nimeuliza nani kasema."

Mlango ukavutwa, kichwa cha fundi kikachungulia kutoka juu, shavu limejaa grisi. "Huyu wa maswali atoke kwanza," alisema, "nifanye kazi kwa amani."

Watu wakaangua kicheko. Mhariri akanuna kidogo, akashindwa kununa, akacheka naye. Kufika jioni walikuwa wameshapeana namba, na miezi minane baadaye wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekaa pamoja na tarehe ya harusi imewekwa.

Fundi alimbandika jina la Bi Hakika. Kazi ya mhariri ilikuwa kukagua yanayozagaa mitandaoni kabla hayajasomwa hewani, na kazi hiyo alilala nayo na kuamka nayo. Hata mapenzi yao yalipita kwenye chujio.

"Nakupenda, mama," Fundi angesema kwenye simu.

"Una ushahidi?"

"Jana nimepanda ngazi ghorofa sita kukuletea mwavuli."

"Huo ni ushahidi wa mwavuli."

Basi wangecheka mpaka chaji iishe.

Jumanne moja mchana shangazi yake Bi Hakika alituma picha kwenye kundi la familia. Fundi amesimama na mkanda wa vifaa kiunoni, na kando yake imebandikwa picha ya lifti ya hospitali iliyobondeka. Chini wameandika: huyu ndiye aliyekula rushwa akapitisha lifti mbovu, imeanguka na mama mjamzito kafariki. Shangazi akaongeza la kwake: "Si mkwe wetu huyu?"

Kidole cha Bi Hakika kilikwenda moja kwa moja kwenye jina la Fundi, kisha kikarudi. Pale redioni walikuwa na kanuni: anayetuhumiwa hupigiwa simu mwisho, ushahidi ukishakamilika, asije akapata nafasi ya kupanga maneno. Ni kanuni nzuri, sibishi. Lakini dada wewe, huyu alikuwa mchumba wako. Mkuu wake alitaka kumpa mwenzake kazi ya kuikagua habari ile, naye akakataa. "Niachie mimi," alisema. "Nataka pasibaki hata chembe ya shaka."

Jumatano asubuhi akampigia bosi wa Fundi. "Amewahi kutuhumiwa kupokea rushwa?"

Bosi aliitambua sauti. "Wewe si mchumba wake?"

"Nauliza kama mhariri."

Siku hiyo Fundi alimpigia mara tatu. Kila mara Bi Hakika aliigeuza simu kifudifudi mezani na kuendelea na kazi, roho ikimuuma. Jioni hospitali ikamjibu kwamba hakuna lifti iliyoanguka wala mtu aliyekufa. Picha ya lifti nayo akagundua ni ya miaka mingi iliyopita, ya nchi nyingine kabisa. Alhamisi saa saba mchana taarifa ikasomwa: habari ile ni uzushi mtupu. Akalia kwa furaha, akampigia Fundi. Hakupokea. Akaenda kwake mbio.

Fundi alikuwa sebuleni, ndevu zimeota, anapanga nguo kwenye begi.

"Umesikia?" Bi Hakika alihema. "Nimekusafisha, mpenzi. Kila mtu anajua sasa."

"Nimesikia. Kazi nzuri."

"Mbona uko hivyo?"

"Bosi alikuwa upande wangu. Aliniambia hizo ni porojo za mtandaoni, nichape kazi. Kisha ukampigia. Akaniita, akasema kama hata mchumba wako anauliza, yeye ni nani asiulize. Akanisimamisha."

Bi Hakika aligeukia mlango. "Nitamweleza, nitakwenda mwenyewe..."

"Kashanirudisha, baada ya taarifa yako. Nimemwomba anihamishie tawi la mbali." Fundi alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Si kazi inayoniuma. Watu nisiowajua walipiga simu kunitukana. Mama alipiga, akanisikia tu ninavyopumua, akaniambia njoo ule. Hakuniuliza kitu. Wewe nilikutafuta mara tatu."

"Ningepokea ningekuwa nimevunja kanuni. Wangesema nimekupendelea."

"Ungenipendelea kidogo, basi. Au ungepokea ukanifokea. Ningekujibu."

"Nilijua hukufanya."

Fundi akaacha kukunja. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema Jumanne, pale pale alipoiona ile picha. Neno moja tu, na nani angelikagua? Alifungua mdomo alitoe, likagoma. Miaka yote ile alikataa kumpa mtu jambo lisilo kweli, na kumdanganya huyu hakuweza.

"Jana jioni," alisema. "Hospitali waliponijibu."

Fundi aliitikia kwa kichwa, polepole. Akamketisha kwenye kochi, akaketi karibu yake, akamshika mkono, na wakalia wote wawili, bila hata mmoja kusema kwamba harusi bado ipo. Giza lilipoanza kuingia alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akamwombea kiti cha dirishani, na Jumamosi akahamia tawi lile la mbali.