Mpunga Uliodekezwa

Kila asubuhi kabla ya shule Kijino alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwasha moto wa chai, na kumfunga shangazi yake kitambaa kiunoni. Hiyo ya tatu ilikuwa siri ya wawili. Shangazi alisimama ameshika mwimo wa mlango, akavuta pumzi, naye Kijino akakizungusha kitambaa mara nne na kukaza fundo kwa nguvu zake zote. Kisha shangazi alivaa gauni lake juu, akatoka akitembea wima, na aliyekutana naye njiani asingejua kwamba mgongo ule ulikuwa ukimtesa tangu palizi ya mwaka uliopita.

Kijino alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake siku ya kwanza tu, kwa sababu ya jino lake la mbele lililomeguka pembeni. Tangu siku hiyo alijifunza kuongea ameweka kiganja mdomoni, halafu akajifunza kutoongea kabisa. Kwa shangazi alikuwa na mwaka na nusu. Kabla ya hapo alikaa kwa mama mkubwa, na kabla ya hapo kwa rafiki wa marehemu mama yake. Kote huko hakuna aliyemnyanyasa, nisiwasingizie watu wa watu. Ila kila mara lilitokea jambo, nguo zake zikakunjwa, akapelekwa kwingine. Alikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulikuwa wa kimyakimya, usioonekana na mtu.

Jioni moja alikuwa akiosha vyombo nyuma ya nyumba, akamsikia shangazi akiongea na mwanawe kwa simu. Mwana huyo aliishi mbali, katika chumba kimoja na mkewe na watoto.

"Mwaka huu magugu yakinishinda tena, naliacha shamba nije kukaa kwako," shangazi alisema. "Mtoto? Mtoto tutamtafutia pa kukaa."

Kijino alishika sufuria ileile akaisugua, akaisugua, hata masizi yakaisha. Hakumwambia shangazi kwamba amesikia.

Haikupita wiki, mwalimu wa sayansi akaingia darasani na mfuko wa mbegu za mpunga. Mwalimu huyu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alieleza kwamba mpunga ule si kama mwingine. Mizizi yake hutoa majimaji yanayodumaza magugu yaliyo jirani, mengine yasiote kabisa. Lakini nguvu hiyo haiwi sawa kila mahali, akasema, na hilo ndilo alilotaka darasa lichunguze. Kila mwanafunzi angejaza tope kwenye beseni, apande mbegu za mpunga pamoja na mbegu za magugu, alipeleke nyumbani na kulitunza wiki sita. Pa kuliweka achague mwenyewe, mbolea na maji aamue mwenyewe, mradi aandike kila kitu na kuhesabu magugu kila Ijumaa. Katazo lilikuwa moja tu: asing'oe gugu hata moja.

Wenzake walikuwa wakisukumana na kuulizana nani ana beseni kubwa. Kijino alikuwa mbali, shambani kwa shangazi, akiwaza mpunga unaojipalilia wenyewe. Kama kweli upo, basi shangazi hataliacha shamba, na yeye hatahamishwa tena. Alizipokea mbegu zake kwa mikono miwili.

Akaanza kuudekeza mpunga ule. Wenzake waliweka mabeseni yao juani, wengine juu ya mapaa ya mabanda, wakayasahau mpaka Ijumaa ya kuhesabu. Yeye aliliweka lake upenuni, kwenye kivuli kizuri cha ukuta, jua lisije likauchoma mpunga wake. Mbolea ya kukuzia aliichota kwenye gunia la shangazi, leo kidogo, kesho kidogo, na maji hayakupungua. Kila alipotoka shule alichuchumaa pale akaongea nao, bila kiganja mdomoni. Aliusimulia mambo ya darasani, nani kamcheka nani, hesabu gani imemshinda. Beseni ndilo lililokuwa rafiki yake, na ukimwona ungecheka, kisha ungenyamaza.

Mpunga ulistawi, ukawa mrefu, laini, wa kijani kibichi. Tatizo ni kwamba magugu nayo yalistawi. Wiki ya tatu yalikuwa yamesimama bega kwa bega na mpunga, manene, yanang'aa. Kijino aliyatazama. Alijiona tayari kwenye nyumba nyingine, akifundishwa upya vijiko vinakaa wapi.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza, aling'oa gugu moja. Moja tu, alijiambia. Kesho yake yakawa matatu. Alisawazisha tope kwa kidole gumba, akayatupa magugu kwenye shimo la choo, akanawa mikono na kwenda kuwasha moto wa chai.

Siku hizohizo mwenzake wa dawati, msichana mwembamba waliyemwita Sindano, alimwomba waende pamoja akaone beseni lake. Sindano alikuwa mtu wa kwanza katika shule nzima kumwomba kitu kama hicho. Kijino alikuwa ameitamani siku hiyo mwaka mzima na nusu, na ilipofika, akasema haiwezekani, kwao kuna mgonjwa. Aliogopa mashimo madogo kwenye tope yasije yakaonekana. Sindano akasema haya, akainua mabega, na hakuomba tena.

Wiki sita zilipotimia, mabeseni yalipangwa barazani mwa darasa. Sindano alikuwa na magugu manane, yamedumaa hasa. Wengine walikuwa na sita, wengine kumi. Kijino alikuwa na mawili. Mwalimu aliinama, akatazama, akasema hata yeye hakutegemea matokeo kama hayo. Alimwita mbele asome daftari lake, ambamo alikuwa ameandika juani na mbolea kidogo kama wenzake, asije akaulizwa zaidi, na darasa likapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza Kijino kupigiwa makofi, na yalimuumiza masikio. Alirudi nyumbani peke yake, beseni kichwani, akipita njia ya nyuma ili asikutane na mtu.

Lakini huwezi kulikwepa lililo nyumbani. Shangazi alikuwa akimngoja mlangoni, maana habari zilikuwa zimeshafika. Aliupapasa mpunga, akauliza kama kweli hakung'oa hata gugu moja. Kijino akajibu hata moja. Shangazi akauliza tena, na Kijino akajibu tena. Basi uso wa shangazi ukalegea, akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hapo inabidi nikueleze kuhusu kikundi. Wanawake kumi na wawili wa pale walipalilia kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, wote pamoja, mpaka mashamba yote yaishe. Kila mwaka, Ijumaa moja kabla ya kupanda, katibu wa kikundi aliandika majina. Asiyeandikwa siku hiyo hakuenda kwa wenzake na wenzake hawakwenda kwake, hata alie machozi ya damu. Ndivyo walivyokubaliana, na hawakumwonea haya mtu. Kwa shangazi, kikundi kilikuwa na maana ya kuinama kwenye mashamba ya watu siku kumi na moja, kwa mgongo ule, akitabasamu.

"Mwaka huu najitoa," alisema usiku ule wakila. "Nitamwomba mwalimu mbegu, nipande mpunga wako kule chini, kwenye miti mikubwa, upate kivuli kama ulivyofanya wewe. Gunia zima la mbolea nitalimwaga. Nikae nipumzike, mwanangu."

Kijino alirudisha tonge sahanini. Siku tatu zilizofuata hazikuwa siku, zilikuwa adhabu. Akisema, shangazi atajua kwamba amekaa na mwongo, na nani anakaa na mwongo? Asiposema, mwezi wa pili baada ya kupanda magugu yatafika magotini, kikundi hakitakuja, na mavuno yatakwenda na maji. Kila alikogeuka aliona njia ileile ya kuhamishwa. Hakuwa na wa kumuuliza, na hata beseni hakutaka tena kuliangalia.

Ijumaa ikafika. Asubuhi shangazi alishika mwimo wa mlango kama kawaida, na Kijino akaanza kuzungusha kitambaa.

"Kaza," shangazi alisema. "Ni siku chache tu. Nikishajitoa leo, nitapona."

Kijino alikaza fundo, lakini mikono yake haikuondoka pale. Akajikaza kisabuni, akauambia mgongo yale ambayo asingeweza kuuambia uso.

"Shangazi, niliyang'oa. Yalikuwa mengi. Yalipofika kumi na saba nikaacha kuhesabu."

Shangazi hakugeuka. Chai ikachemka, ikamwagikia moto.

"Kwa nini?"

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema mtanitafutia pa kukaa."

Shangazi akakaa chini polepole, pale pale kizingitini, jambo ambalo mgongo wake haukulipenda. Alijifuta uso kwa upande wa mkono. Kijino alingoja aambiwe akakunje nguo zake. Badala yake aliambiwa abebe beseni, waende kwa mwalimu, na chai wataikuta.

Mwalimu aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kisha akauliza beseni liliwekwa wapi na mbolea ilitiwa kiasi gani, na safari hii alipata majibu ya kweli. Akaeleza kwamba mpunga ule huupata uwezo wake juani, kivulini hulegea. Ukishibishwa mbolea, mizizi haitoi yale majimaji kwa wingi, na magugu nayo hula mbolea ileile yakanenepa. Katika darasa zima, beseni la Kijino lilikuwa la pekee lililokaa kivulini na kushiba vile. Kama angeandika ukweli, lingekuwa somo kubwa kuliko yote.

"Umeliharibu," mwalimu alisema, wala hakusema kwa ukali. "Alama zako nazifuta. Jumatatu utasimama mbele ya wenzako uwaambie, na utaanza upya na mabeseni mawili, moja kivulini na moja juani."

Jumatatu Kijino alisimama. Nyuma kulikuwa na waliocheka, na mmoja aliyezomea mpaka akatolewa nje. Sindano hakucheka. Alimwambia tu wakati wa mapumziko kwamba kumbe mgonjwa mwenyewe alikuwa beseni, na kwamba safari hii anakuja kuhesabu yeye. Akaja kila Ijumaa. Juani magugu yalidumaa, kivulini yalinona, na wote wawili walitia sahihi daftarini.

Lakini nimekimbia mbele. Ijumaa ileile, walipotoka kwa mwalimu, shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye kikundi, Kijino akimfuata nyuma. Badala ya kujitoa, alifungua kifungo cha gauni, akawaonyesha kitambaa, akasema mgongo umemshinda. Katibu, mama mnene mwenye miwani, alikasirika kwelikweli. Msimu mzima, alisema, wameinama naye wakimwona mzima, kumbe anakufa kidogo kidogo katikati yao. Hasira zilipomtoka, wakapanga: shangazi atakaa kwenye kigoda akifunga miche mafungu siku za kupanda, na kuwapikia siku za kupalilia. Jumamosi mstari wake utachukuliwa na mtoto.

Mpunga mpya waliupanda juu, peupe, kwa kubananisha, na mbolea kidogo. Magugu yaliota, tusidanganyane. Ila yaliota machache na mafupi, na Jumamosi ya zamu yao kikundi kilimaliza kabla ya saa sita, shamba ambalo mwaka uliopita liliwatoa jasho mpaka magharibi. Chini ya miti mikubwa walikuwa wamejaribu kipande kidogo, kama kitanda hivi. Huko magugu yalicheka.

Kazi ilipokaribia kwisha, shangazi alimwita Kijino pembeni, kwenye tuta, akampa kikombe cha uji.

"Mpunga ule haukuwa na kosa," alisema. "Ulikuwa unatuambia kwamba kivulini hauwezi. Wewe ukauziba mdomo, na mimi nikauziba mgongo wangu. Tungekutana hapa mwezi wa pili, tumedanganyana vizuri, na hakuna wa kumwita. Ukinificha shida, mwanangu, unaniacha peke yangu, na wewe unabaki peke yako. Bora uniambie baya la kweli. Hilo tutalibeba wawili."

Kijino alikoroga uji kwa kidole, hakunywa.

"Na yale ya kwenye simu?"

"Niliyasema kwa woga, na mwanangu nimeshamwambia. Shamba likishinda, hapa ndipo kwenu. Likishindwa, tutashindwa tukiwa hapahapa. Umenisikia?"

Alikuwa amesikia. Yakamtoka machozi, kwa kwikwi, mbele ya wanawake kumi na mmoja, mama yake Sindano akiwamo, na mbele ya Sindano aliyekuja kusaidia, kilio alichokuwa amekilimbikiza nyumba tatu. Shangazi alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha akamfuta pua kwa pindo la gauni na kumsukuma kidogo arudi mstarini, maana hatua kumi za mwisho zilikuwa bado, na Sindano alishapiga kelele kwamba hatazipalilia peke yake.