Mwanaume Aliyekuwa Jikoni kwa Tabby

Kulikuwa na mwanaume jikoni kwangu!

Nilimsikia Jumamosi saa nane mchana, nikiwa kitandani kwenye kambi ya kazi Naivasha. Mke wangu Tabby alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani kwetu mtaani Rhonda.

"Kiprugut, mi niko poa. Nakaanga viazi. Wewe umekula?"

Nyuma yake mafuta yanatatarika, bodaboda inapita... na chini kabisa, mwanaume anacheka.

Jameni... anacheka! Jikoni kwangu!

Nikarudia mara kumi na moja. Nikampa simu Sitati, tunayelala naye chumba kimoja.

"Unasikia nini hapo?"

"Nasikia njaa, boss. Hizo viazi..."

"Sitati! Kuna mwanaume!"

Akasikiza tena. Utani ukamwisha.

"Kuna mtu, eeh. Lakini si umpigie umuulize?"

"Nimuulize anidanganye?"

Niwaambie kazi yangu ndio mnielewe. Mimi nasikiliza mitambo inayozalisha stima kwa mvuke, nijue iliyo mbovu. Mtambo ukishika kasi sauti hupanda, ukipoa hushuka, na ndani yake kuna sauti kumi zimepandana. Ukikata sauti kwa kiwango kimoja hupati kitu, kwa sababu hakuna iliyotulia mahali pamoja.

Kwa hivyo tunaichora kwenye kompyuta. Muda unaenda kulia, sauti nene zinakaa chini, nyembamba juu. Kila sauti inakuwa mstari wake, unapinda unavyopinda. Unaufuata mmoja hatua kwa hatua, hata pale unapokatana na mwingine, unaung'oa, kisha unaugeuza kuwa sauti tena. Beringi iliyochoka ndani ya mtambo haiwezi kunificha kitu.

Sembuse mwanaume!

Nikafungua laptop. Mafuta ya viazi yalikuwa vumbi limetapakaa kwenye picha nzima, nikalipangusa. Bodaboda ilikuwa mstari mnene ulioshuka ikipita, nikaufuata nao nikautoa. Akabaki Tabby, mistari yake imepangana vizuri. Chini yake, huyo jamaa.

Kuna vitu viwili niliviona hapo. Cha kwanza, jamaa hakunyamaza hata mara moja Tabby akiongea. Watu wakipiga stori, mmoja humngoja mwenzake. Cha pili, sauti yake haikuwa na besi, ule unene wa chini, hata kidogo. Mwanaume mzima!

Niliviona, wapendwa. Mwanafunzi anayeanza kazi angejiuliza. Mimi nilikuwa nimeshapandisha, na hasira hasara.

Hata kabla sijamtenganisha na Tabby, nikaandika:

"Nimemsikia huyo mwanaume wako. Usinitafute tena."

Nikatuma. Nikamfungia asinifikie kwa simu. Kisha nikamalizia kazi, maana nilitaka kusikia jina.

Mistari ya Tabby ikatoka. Nikabonyeza nisikie iliyobaki.

"...babe, leo hiyo feni ya mtambo imelia kama mbuzi ya Krismasi! Watu wote wamehepa, mimi nimebaki hapo nikicheka... Ngoja nikushow vile ilianza..."

Sitati akainua kichwa.

"Kiprugut... si huyo ni wewe?"

Alikuwa ni mimi.

Mimi wa miaka minne iliyopita, tumetoka kuoana, nikimtumia Tabby dakika tano za sauti kila jioni. Tabby alikuwa anazicheza sauti hizo kwenye simu yake ya zamani akipika. Spika ndogo ya simu haitoi besi. Na mtu aliyerekodiwa hamngoji mtu.

Nikapandisha meseji zetu juu.

"Umeshindaje?" 👍

"Leo imenyesha huku vibaya sana." 👍

"Nimekumiss." 👍

Miezi kumi na minne ya kidole gumba! Sikuwa nikimchukia, niaminini. Nilikuwa nachoka, naona kidole kinatosha. Na hilo swali lake la kama nimekula sikuwa nimelijibu.

Nikamfungulia, nikapiga. Hashiki. Nikapiga tena hadi Sitati akaninyang'anya simu.

Jumapili asubuhi nilikuwa Rhonda. Mlango una kufuli. Jirani yetu, Mama Travis, akatoka na ufunguo alioachiwa, akanitazama kama mzimu.

"Baba, kwani umetoka wapi?"

"Naivasha, mathe. Sijakanyaga hapa tangu mwezi jana."

"Wacha! Na kila jioni nakusikia ukiongea hapa kwa nyumba? Mimi najua uko!"

Nikamuuliza Tabby yuko wapi.

"Ameenda kwao Molo jana jioni. Alikuwa analia, nikaogopa kumuuliza."

Nikaingia. Sufuria ya viazi ilikuwa bado juu ya meko. Simu ya zamani, kioo kimepasuka, ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mahali ambapo mtu anayepika anaweza kuiona. Nikaiwasha. Ndani hakukuwa na kitu kingine, sauti zangu tu.

Nyumba ilikuwa kimya hadi nikasikia friji ya jirani. Masikio yangu haya yanayosifiwa kazini... na mke wangu ameishi peke yake miezi kumi na minne bila mimi kusikia!

Nikakaa kwenye kistuli nikarekodi. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza nilivyoitoa bodaboda, nilivyojifumania mwenyewe. Nililia, sifichi. Dakika saba.

Nikatuma. Tiki mbili. Zikawa bluu.

Dakika saba zikapita. Nane. Tisa. Nikaona anaandika... ameacha... anaandika...

Simu ikalia.

👍

Wapendwa, mtu wako akikuuliza umekula, mjibu kwa mdomo wako. Mimi nilikula viazi vyake vikiwa baridi, nimesimama, wiki tatu zilizopita. Kila jioni namtumia sauti huko kwao Molo kumwambia nimekula nini.

Bado hajaniuliza tena.