Pembe Iliyorudi Imejaa

Siku ya soko hapa Nakuru, mwaka ule wa 1951, mtu asiyejua kutumia viwiko hakufika mbali. Wangare alijua. Alikuwa akipenya kati ya magunia ya viazi, gauni lake la manjano alilolishona mwenyewe likiwa safi kabisa, kitambaa cheupe kichwani, alipomwona mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la sufu juani. Alikuwa akimtazama na kuchora.

"Bwana, huyo unachora ni nani?"

"Ni wewe."

"Umeniuliza?"

"Ningekuuliza ungesimama. Nilitaka vile unatembea."

Wangare akamnyang'anya karatasi. Akaona shingo yake, akaona mkono wake ulivyobeba kikapu. Picha ilikuwa nzuri, na hilo likamuudhi.

"Pua umeipunguza," akasema. "Pua yangu ni kubwa. Irudishe."

Hapo ndipo habari ya mchoraji huyo, Naftaly Ndung'u, ilipokwisha: alikuwa amependa. Huyu Naftaly ni mtoto wetu wa mashamba ya Njoro. Vita vilimchukua akiwa askari, na vilipokwisha akaenda London kusomea uchoraji, mpaka picha zake zikatundikwa katika kuta za Wazungu. Alikuwa amekuja kuwaona wazee tu, kisha arudi. Maonyesho yake makubwa yalikuwa yakimngoja huko. Sasa alipata sababu ya kufika Bondeni, mtaa wa akina Wangare, kila jioni, koti limepigwa pasi. Akishindwa kufika, alipiga simu katika duka ambalo Wangare alishona nguo barazani pake.

"Mpenzi, umekula?"

"Simu ya wenyewe si ya kuuliza chakula. Sema unanipenda, nirudi kwa cherehani."

"Nakupenda."

"Haya. Nimekula."

Naftaly hakutaka kupanda meli kabla ya kujulikana kwao Wangare. Basi Jumamosi moja baba yake mdogo, Mzee Nderitu, aliyemlea, akaja naye pamoja na wazee wenzake kwa Mzee Thuo, baba yake Wangare, wakiwa na kibuyu cha pombe ya muratina aliyoipika mwenyewe kwa asali. Desturi yetu inaeleweka. Pombe inamiminwa katika pembe, msichana anaulizwa kama wazee wainywe. Akionja na kumpa baba yake, amekubali. Akiiweka chini, wageni wanabeba kibuyu chao na kwenda, wala hapana maneno.

Wangare aliulizwa. Akaipokea pembe kwa mikono miwili, akaiweka chini.

Bondeni nzima ilijua kwamba Wangare ameokoka, na kwamba aliapa mbele ya kanisa kuwa pombe haitagusa mdomo wake. Naftaly hakujua. Zamani, kabla hajaenda vitani, hata binti wa mwinjilisti aligusisha midomo tu na mambo yakaisha. Wokovu huu mkali uliingia yeye akiwa ng'ambo. Wangare naye aliamini mchumba wake ameambiwa, na kwamba wataleta kinywaji kingine. Aliinua macho amweleze, lakini wazee walikuwa wamekwisha simama, na Naftaly amevaa kofia yake. Machozi yakamjaa, akayameza. Hakuwa mtu wa kumkimbilia mwanamume njiani, na Naftaly hakuwa mtu wa kurudi kuuliza.

Asubuhi ya safari, simu ikalia dukani.

"Ni mimi. Gari la moshi linaondoka saa nane. Nimepiga kusema kwaheri."

"Kwaheri ya nini?"

"Wangare, ulinikataa mbele ya wazee wangu."

"Nilikataa pombe. Mimi nimeokoka, Naftaly. Nani katika Nakuru hii hajui?"

"Mimi," akasema. "Mimi sikujua."

"Ungeniuliza."

"Ungenieleza."

"Nimweleze nani, na kofia iko kichwani tayari?"

Akamsikia akicheka, kisha sauti ikashuka. "Baba mdogo anasema pembe ikirudi imejaa, hatuingii tena nyumba hiyo. Na bila yeye sina mzee wa kunisimamia. Nibaki, mpenzi? Niache meli iende?"

"Usithubutu. Sitaki mume aliyeacha kazi yake kwa ajili yangu. Ningoje stesheni."

Alifika amevaa gauni la buluu, ameshikana mkono na baba yake, ambaye bado alikuwa na vumbi la mbao kwenye aproni yake ya useremala. Mzee Nderitu, aliyekuja kumsindikiza Naftaly, alipowaona akageuza uso. Wangare akanunua chai kwa mama aliyekuwa akiuza pale, kikombe kimoja cha bati, akampa baba yake.

"Nderitu," akaita Mzee Thuo. "Kuna kitu hatukumaliza."

"Kwa chai? Thuo, mwacha mila ni mtumwa."

"Mila ni kumuuliza msichana, naye ajibu mbele ya watu. Hata mimi ningependa ile ya kibuyu, lakini simwozi binti yangu kwa kumvunjisha kiapo."

Abiria wakageuka kutazama. Makuli wakatua mizigo. Mzee Thuo akamkabidhi binti yake kikombe, akamuuliza kama alivyomuuliza Jumamosi ile.

"Wangare, tunywe hii?"

"Mnywe, baba. Na mkinywa mjue nimemtaka mimi mwenyewe."

Akaonja, akampa baba yake. Baba akanywa, akamnyooshea Mzee Nderitu kikombe. Mzee hakukipokea. Naftaly akavua kofia yake. Mzee akamtazama yule msichana aliyesimama wima mbele ya stesheni nzima, na ndani yake akakiri kwamba mke wa namna hii hapatikani kila nyumba. Akachukua kikombe, akakimaliza.

"Sukari kidogo," akasema, "lakini msichana ni wetu."

King'ora kikalia. Naftaly akapanda, akamshika Wangare mkono kupitia dirisha la behewa.

"Nitakuja kukuchukua."

"Najua. Sasa nenda ukafanye kazi."

"Wakiniuliza huko mimi ni wa nani?"

"Waambie wa Wangare, wa Bondeni."

Gari likaondoka. Wanawake wengine walilia wakipunga vitambaa. Wangare hakulia. Alitembea katikati ya wazee wawili mpaka mlangoni, na hapo Mzee Nderitu, bila kuulizwa na mtu, akamsimamisha karani wa tiketi.

"Huyu ni bibi ya mtoto wangu," akamwambia. "Bwana yake ameenda kazi London."