Kura Iliyofungiwa Stoo

Mhudumu wa chai ndiye aliyemkuta. Alikwenda stoo kuongeza vikombe, akaona ufunguo umeachwa nje ya mlango, akauzungusha. Mlango ulipofunguka, Mnadhimu wa chama alimwangukia miguuni akihangaika kuvuta pumzi, midomo imemgeuka rangi. Yowe alilopiga mhudumu lilisikika mpaka barabarani.

Saa tano asubuhi Mpelelezi alikuwa amekwisha fika. Kituoni walimwita Mama Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Ila leo alipanda ngazi za makao makuu ya chama mbili mbili. Mshukiwa wa kwanza alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Kaka mtu alikuwa bawabu wa ukumbi. Mpelelezi alikuta wamemkalisha kwenye kiti chake mlangoni, kikapu cha simu mapajani, askari wawili wamemsimamia.

"Ufunguo wa stoo unatundikwa wapi?" Mpelelezi aliuliza, akijikaza asimwite kaka.

"Kwenye msumari, nyuma ya kiti changu. Dada, wallahi sijamgusa Mnadhimu."

"Na kikapu mbona umekikumbatia?"

"Mkutano haujafungwa. Sheria yetu unaijua: kengele ikilia, kila mjumbe anaweka simu yake humu mwenyewe, anaingia. Mimi natoka uani kuvuta kamba ya kengele, narudi, nafunika kikapu, nafunga mlango. Hakifunuliwi mpaka Mwenyekiti afunge mkutano. Hata yeye mwenyewe haruhusiwi."

"Hujakifunua?"

"Thubutu!"

Mkubwa wa Mpelelezi kituoni alikuwa amempigia simu njiani: kwa vile mshukiwa ni ndugu yake, afisa mwingine ataichukua kesi hiyo saa nane. Na huyo afisa, kila mtu alimjua, angemtia bawabu pingu kwanza, maswali baadaye.

Kisa chenyewe kilikuwa kimekipasua chama vipande viwili. Muswada wa kupunguza kodi ya bidhaa za nyumbani ulikuwa tayari, lakini Kambi ya Kabla ilitaka upigiwe kura kabla ya uchaguzi, na Kambi ya Baada ikasema usubiri. Mnadhimu, aliyeuandika muswada, alikuwa wa Kabla. Bila yeye kura zilifungana kumi na moja kwa kumi na moja, na kwa kanuni ya chama, zikifungana jambo linaahirishwa. Kwa hiyo macho yote yalimgeukia Mhazini, simba wa Kambi ya Baada.

"Ulikuwa wapi kengele ilipoanza kulia?" Mpelelezi alimuuliza.

Mhazini alijikohoza. "Varanda ya nyuma."

"Ukifanya nini?"

"Mama, haya ni mambo ya nyumbani."

"Mnadhimu nusura afe. Hakuna ya nyumbani hapa."

"Nilikuwa navuta sigara," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwapia mke wangu nimeacha. Kengele ikanikurupusha, nikakimbia, nikatupa simu kikapuni kengele ingali inalia. Varanda yote ilikuwa tupu, hakuna aliyekuwa nyuma yangu. Nilijua mimi ndiye wa mwisho."

Ni ushahidi gani huo wa kujitia kitanzi mwenyewe? Mpelelezi aliwaza kwamba mwongo angejitungia kitu cha heshima zaidi.

Katibu wa chama alikuja bila kuitwa. Alikuwa mwanaume nadhifu, mbele kabisa katika Kambi ya Kabla, swahiba wa Mnadhimu wa kufa na kuzikana.

"Afande, unapoteza muda. Bawabu kahongwa na watu wa Baada. Ufunguo ni wake, stoo ni yake. Au kwa kuwa ni kaka yako?"

Hilo lilimchoma, lakini alilimeza. "Wewe uliingia ukumbini saa ngapi?"

"Mimi? Wa kwanza kabisa! Nilikaa kiti cha mbele napitia hotuba yangu. Kiti cha pili kilikuwa cha Mnadhimu, mkoba wake upo pale pale, na dawa yake ya pumu ndani. Maskini! Haya, nipatie simu yangu basi, waandishi wananisubiri."

"Mkutano haujafungwa."

Askari walikuwa wamemwambia ameshaidai simu ile mara mbili; hii ilikuwa ya tatu. Mpelelezi alianza kujiuliza ana haraka gani.

Alipita ofisi ya Mwenyekiti, ambako Mnadhimu alikuwa amelazwa kwenye kochi, dawa mkononi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Huwa naenda stoo kuchukua nakala za muswada kabla ya kila mkutano. Wote wanajua. Sikumwona mtu. Nilisikia ufunguo unazungushwa nyuma yangu, na kengele inalia."

"Inalia? Una hakika?"

"Mkoba nilikuwa nimeuacha kitini mapema, na simu ndani. Nilipiga mlango kwa ngumi. Kengele ikanizidi sauti."

Mpelelezi alifumba macho, akashusha pumzi. Aliyefunga mlango hakuwa ameshika kamba ya kengele uani. Basi kaka yake ameokoka, lakini ni nani?

Aliwakusanya wote mlangoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, funga mkutano."

Mwenyekiti alishangaa, ila aliufunga. Bawabu akafunua kikapu. Juu ya zote ilikuwa simu yenye kava jekundu.

"Ya nani hii?"

"Hatimaye!" Katibu alinyoosha mkono.

Mpelelezi hakumpa. Aliinua iliyokuwa chini yake. "Na hii?"

"Yangu," alisema Mhazini.

"Mhazini ameingia kengele ikilia, akijua ni wa mwisho. Wewe, Katibu, uliingia wa kwanza. Basi simu yako imepandaje juu ya yake? Imeota miguu?"

Katibu alicheka kicheko kikavu. "Labda nilitoka nikarudi."

"Ukarudi kutoka wapi? Hapo ndipo ninapotaka tufike."

Mnadhimu alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni, ameshikilia ukuta. "Wewe?" alisema. "Tumezunguka nyumba kwa nyumba tukiahidi punguzo hili!"

"Na ndiyo maana!" Katibu alilipuka. "Ahadi ikishatimia, watu watanipigia kura kwa lipi? Na sifa zote ungezichukua wewe. Nilitaka wajumbe wa Baada waonekane wasaliti, mimi nisimame kuutetea muswada mpaka siku ya uchaguzi. Nilidhani ni nusu saa tu!"

"Ulikaa kando ya mkoba wenye dawa yangu," alisema Mnadhimu. "Ukanyamaza."

Pingu zilimwingia Katibu, siyo bawabu. Mwenyekiti akaamuru mkutano uanze upya. Bawabu alitoka uani akifuta machozi bila kuona haya, na kengele ikalia.

Wajumbe walipojigawa pande mbili kupiga kura, Mpelelezi alichungulia. Kambi ya Kabla imempata Mnadhimu, imempoteza Katibu. Kumi na moja kwa kumi na moja tena. Punguzo la kodi lilikuwa linakufa vile vile, na Katibu atalala rumande akiwa mshindi.

Mhazini alisimama. Alivua miwani, akavuka ukumbi polepole mpaka upande wa Kabla, akasimama kando ya Mnadhimu.

"Usinishukuru," alinong'ona. "Nilikupinga kwa hoja. Sikukuombea kifo."