Chaki ya Kaunti ya Tolliver

Mnisamehe mapema, hii nitaisimulia vibaya, maana mimi nimezoea kuchekesha watu. Ilimpata rafiki yangu Apondi, mhadhiri wa chuo pale mtaa wa Braamfontein, huku ugenini tunakoishi, mwaka 2019, nyumbani Kenya makarani wa sensa walipokuwa wakitia namba za chaki milangoni.

Mchana mmoja alishuka hadi chumba cha chini cha maktaba kusoma kitabu cha habari za Tolliver, kaunti ya mashambani Marekani: bonde moja, mto mmoja, na wakazi 412 ambao siku moja hawakuonekana tena. Umeme ukakatika. Akanipigia simu.

"Kuna mtu anakwaruza mlango," akanong'ona. "Eish, ni kama chaki."

Kisha nikasikia sauti ya mzee, Kiswahili safi: "Humu mlilala wangapi jana?"

Kabla Apondi hajajibu, mimi nikapaza sauti simuni nikicheka: "Andika wawili, baba! Apondi, na mimi wa mtaa wa Observatory!"

Kwaruu. Kwaruu. Kimya.

Taa ziliporudi, Apondi akaniambia kitabu sasa kinasema wakazi 414.

Jioni nilikuta mlango wa nyumba ya Apondi una 413, kwa chaki isiyofutika. Wangu una 414. Yeye, maskini, hakufungua mdomo. Aliyetuandikisha ni mimi.